Ala ya Mallegowda

Mwaka mzima Mallegowda alikuwa fundi baiskeli wa Hirekote, mikono grisi tupu, mdomo haukai kimya. Siku moja tu, wakati wa sikukuu ya Dasara, vyombo vyote vya kazi vinapopumzishwa na kupakwa manjano, hata pampu yake ikivishwa maua, alifunga kilemba chekundu akabeba ala ya upanga wa mfalme. Ala bila upanga. Waingereza waliuchukua upanga walipoivunja ngome yake, wakaiacha ala kwa mlinzi wake, babu wa babu zake Mallegowda. Tangu hapo ukoo ule huizungusha mjini, na kila nyumba hutia ua moja la njano mdomoni mwake, isilale na njaa.

Mwaka mmoja ikaja habari kwamba upanga unarudi kutoka Uingereza. Mji ulilewa furaha, Mallegowda akakonda.

"Una nini wewe?" mkewe, Puttathayamma, alimuuliza. "Kama mtu aliyeletewa mke mwenza!"

"Ukiingia kwenye ala, vyote viwili vinakwenda makumbusho ya jiji kuu. Mimi nitabeba nini? Pampu?"

"Beba maji kwanza, pipa limekauka."

Siku ya Dasara upanga ulikuja na gari la serikali, ndani ya sanduku la kioo, na ofisa mmoja, binti aitwaye Vasundhara, mwenye glavu nyeupe. Hata hajashuka vizuri, akina mama walishaweka ndimu za baraka chini ya magurudumu, wakapaka gari manjano, wakapaka na kioo, upanga usionekane tena.

"Jamani, hicho si chombo cha kazi!" alilia Vasundhara.

"Kuua nako si kazi, mwanangu?" alisema Puttathayamma, akimpaka na yeye kwenye paji la uso.

Hekaluni, Vasundhara akaushusha upanga kwenye ala. Ukaingia nusu, ukakwama. Akajaribu tena. Wapi!

"Pole, mzee," alisema taratibu. "Nadhani hii siyo ala yake. Baki nayo tu."

Moyo wa Mallegowda uliruka kama ndama. Ameokoka! Afumbe mdomo tu, na ala ni yake mpaka kufa. Lakini kufumba mdomo hakuwahi kujifunza. Halafu, baba yake na babu yake, miaka yote ile juani, walibeba ala ya nani?

Akaipindua, akaigonga gotini. Yakamwagika maua: ya mwaka jana kwanza, bado na unjano wake, kisha ya kahawia, kisha vumbi lenye harufu ya mbali, vumbi la watu ambao hakuna tena aliyejua majina yao. Puttathayamma akatandaza ncha ya sari yake, akalipokea.

Safari hii upanga uliteleza mpaka mwisho, ukalia tak.

Vikaenda jiji kuu vyote viwili. Dasara iliyofuata Mallegowda alifunga kilemba chake, akanyoosha mikono mbele, haina kitu.

"Utatoka hivyo hivyo, kama mwombaji?"

"Hivi hivi."

Kwenye nyumba ya kwanza mama mmoja alimtazama, akacheka, akamwekea ua kiganjani. Alipofika hekaluni maua yalikuwa yanamwagika, na pua inamuwasha, wala hakuwa na mkono wa kujikunia.