Kiganja Kimoja Juu ya Udongo

Pikipiki ya nne ilimkataa Syntiche kama zile tatu zilizotangulia. Aliikalia, akaunyoosha mguu wa kushoto, ncha ya kiatu ikagusa kokoto. Akaunyoosha wa kulia, ule wenye chuma ndani, ukaning'inia hewani kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba. Pikipiki ikalala upande. Papa Valère, fundi, akaidaka kabla haijafika chini, na Syntiche akabaki amemshika shingoni.

"Pole, Mama," Valère akasema. "Ni Mungu alikupima mufupi, si mimi."

"Mungu alinipima vizuri. Ni hawa wenye kutengeneza pikipiki hawakunipima."

Wakacheka, lakini kicheko cha Syntiche kilikatikia njiani. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu, chama cha motari, madereva wa pikipiki za abiria wa mtaa wao, kingempa mtu mwingine gileti yake, ile fulana ya kazi yenye namba kumi na saba. Kanuni ilikuwa ya wote: asiyeonekana barabarani miezi tisa, namba yake inakwenda kwa anayengoja. Na waliongoja walikuwa wengi, wote wanaume, wote wenye miguu mirefu.

Syntiche alizaliwa Kirungu, juu kwenye baridi ya milima ya Marungu, ambako njia ni za miguu na mtoto hujua kubeba mzigo kabla ya kujua kusoma. Baba yake alikuwa katekista mwenye baiskeli kubwa nyeusi. Alipokuwa na miaka minane Syntiche aliiiba, akaiendesha akiwa amepitisha mguu chini ya lile bomba la katikati kwa sababu juu hakufika, akateremka nayo mlima mzima huku akipiga kelele. Baba alimchapa, kisha akamwuliza kwa sauti ya chini aliwezaje kukata kona ya pili. Basi tangu hapo kila mtu nyumbani alijua kwamba mtoto huyu, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake wote, angeishi juu ya magurudumu.

Aliolewa Kalemie na Ruben, mbebaji wa bandarini. Ruben alipofariki kwa homa, Syntiche alibaki na binti mmoja, Abigaël, na hakukaa nyumbani kulia zaidi ya matanga. Alinunua pikipiki. Watu walisema atachoka kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena, naye alikuwa bado barabarani, akiwabeba watu ambao motari wengine hawakuwataka: wajawazito, bibi wenye magoti mabovu, mama mwenye beseni la mayai mapajani. Aliwaendesha taratibu, akikwepa kila shimo kama anayepita kati ya watoto waliolala. Wenzake wakamwita Mama Polepole. Aliwaachia jina hilo wacheke nalo, kwa kuwa lilimletea abiria.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mteremko wa kushukia soko. Nyuma yake alikuwa amembeba Mama Célestine, mzee aliyekuwa akienda kuuza mboga. Mbele yao lori lilisimama ghafla. Syntiche hakuwa akikimbia. Alifunga breki vizuri, pikipiki ikapunguza mwendo vizuri, ikasimama vizuri. Halafu ikainama kidogo kulia, naye akashusha mguu kuizuia. Mguu ukatafuta udongo, haukuukuta. Ni hilo tu. Mama Célestine alirukia majanini akachubuka kiwiko. Pikipiki yote ikalala juu ya paja la Syntiche, akausikia mfupa ukilia ndani ya nyama kama ukuni mbichi unapovunjwa gotini.

Hospitalini waliutia chuma na misumari. Aliyemfundisha kutembea upya aliitwa Consolate. Kazi yake ni ile wanayoiita kine, ya kuwarudisha watu kwenye miguu yao, na alikuwa na mkono mgumu na mdomo usiobembeleza. Mguu ulipona ukiwa mfupi kwa vidole viwili, na nyonga haikufunguka tena kama zamani.

"Unataka kurudi kwenye pikipiki?" Consolate alimwuliza siku ile alipotupa gongo la kutembelea.

"Nataka."

"Bon. Basi sikia. Iwe nyepesi. Kiti kiwe chembamba, nyonga isipanuliwe. Iwake kwa kidole, si kwa kupiga teke, mguu huo hautapiga teke tena. Na miguu yote miwili ifike chini. Nyayo nzima, Mama. Si vidole."

Ndiyo maana Alhamisi hiyo Consolate mwenyewe alikuja uani kwa Valère akiwa na futi yake ya kitambaa mfukoni. Pesa zilikuwepo, dada yake Syntiche wa Kirungu alikuwa ameongezea. Kilichokosekana ni pikipiki. Walikuwa wamejaribu kubwa, ndogo, nyekundu, na ile ambayo Valère aliapa kwamba hata mtawa wa misheni anaiendesha. Zote zilikuwa juu.

"Pumzika kwanza, Mama," Valère akasema akijifuta mikono. "Kaa hapo, nikuletee maji."

Alinyoosha kidole kwenye pikipiki iliyokuwa ukutani, bado na vipande vya karatasi ya kasha kwenye usukani. Ilikuwa imeunganishwa asubuhi ile. Syntiche aliikalia kama mtu anavyokaa kwenye benchi, bila kuwaza, mguu ukimuuma, macho yakiwa kwa kuku wa Valère waliokuwa wakichakura udongo wenye mafuta.

Halafu akaacha kuwatazama kuku. Hata Consolate akaona.

"Una nini?"

Syntiche alitazama chini. Viatu vyake viwili vilikuwa juu ya ardhi. Nyayo nzima. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimekanyaga kokoto, na cha kulia, cha mguu wa chuma, kilikuwa kimetulia vumbini kama kisigino cha mtu aliyekaa kwake anamenya mihogo.

"Papa Valère," akaita polepole. "Hii ni pikipiki gani?"

Valère akarudi na kikombe. "Hii? Njo ileile ya nne. Ndugu yake kabisa. Kasha moja, boti moja."

"Ileile iliyonikataa?"

"Ileile. Ila hii haiyavalishwa, ile nilishaivalisha. Springi zake zitakuja kesho."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Kalemie hakuna anayelieleza, kwa kuwa kila mtu analijua. Pikipiki ikitoka kwenye kasha, haipelekwi barabarani uchi. Inavalishwa. Fundi anazitoa springi zake mbili za nyuma, anaweka nyingine ngumu na ndefu, anaongeza sponji ya godoro kwenye kiti na kukishona upya kwa ngozi ya plastiki yenye maua au jina la mtoto. Siku mwenye pikipiki anapokuja kuichukua, analeta kuku na vinywaji. Ndugu watatu wanapanda kwa pamoja, wanarukaruka. Isipozama, wanawake wanapiga vigelegele. Ikizama, mtaa mzima unacheka mwaka mzima. Pikipiki isiyovalishwa, watu husema, ni ya padri au ya mgeni asiye na ndugu wa kubeba.

Syntiche aliyajua yote hayo. Pikipiki yake ya zamani ilivalishwa uani hapahapa. Alikumbuka ni nani waliopanda: yeye, shemeji yake, na mama mkwe aliyekuwa mzito kama gunia la chumvi. Alikumbuka haikuzama. Alikumbuka pia kwamba yeye mwenyewe alimwambia Valère, "Ongeza kidogo, Papa, nisije nikachekwa." Alikuwa akiwaza nguvu. Urefu haukumpitia akilini hata mara moja.

"Consolate," akasema. "Pima."

Consolate alichuchumaa. Alipima kutoka ardhini hadi juu ya kiti cha pikipiki ile uchi. Akaenda kwa ile ya nne, akapima. Akarudi akapima tena, kana kwamba futi ilikuwa imemdanganya. Kisha akasimama, akaweka kiganja chake wima hewani, kidole gumba juu, kidole cha mwisho chini.

"Hiki," akasema. "Kiganja kimoja."

Valère alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja wenzake waanze. Hakuna aliyeanza. Alikuwa mtu mrefu, Valère, mrefu mpaka milango ya watu ilimzoesha kuinama. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezivalisha pikipiki za mtaa ule, akazijaribu zote kwa miguu yake mwenyewe, na zote zilimfaa.

"Mimi nilitia nguvu," akasema. "Ni nguvu nilitia, Mama. Barabara zetu unazijua."

"Najua."

"Watu wanapanda watatu, wanne, na mbuzi. Bila hivyo chuma kinakatika."

"Najua, Papa. Nilikuletea kuku."

Valère akakiweka kikombe chini.

Consolate naye alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, futi ikiwa imemwagika mapajani. Sauti yake ngumu ilikuwa imemtoka. "Glodie, mwalimu," akasema, kama anayesoma majina ya wagonjwa wake mahali. "Michée wa mkate. Yule mama wa Kabalo. Ninawauliza kila siku, ulikuwa unakimbia? Ninawagombeza kabla hawajajibu. Nao wananiambia, hapana, Mama, nilikuwa ninasimama." Akainua macho. "Wote wafupi. Wote walikuwa wanasimama. Na mimi niliwaona waongo."

Kuku wakaendelea kuchakura. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza misa ya mazishi ya mtu. Syntiche alibaki pale juu ya pikipiki uchi, akashindwa kushuka. Miezi nane alikuwa ameulaani mwili wake. Kitandani, usiku na mchana, alikuwa ameyalaani mapaja yake mafupi, akamlaani mama aliyemzaa hivyo, akatubu, akalaani tena. Na kumbe ardhi ilikuwa mahali pake siku zote, wao ndio walikuwa wameisogeza chini kwa upana wa kiganja, kwa vigelegele.

"Nachukua hii," akasema mwishowe.

"Kesho springi zikifika, nitaivalisha kidogo tu," Valère akasema haraka. "Kidogo sana, Mama. Nusu."

"Hapana."

"Itabeba mutu mumoja tu! Wa pili akipanda itazama. Utachekwa barabara yote."

"Nitabeba mmoja."

"Na siku ya mzigo?"

"Sitabeba mzigo." Aliposema hivyo, alijua anachokitupa: mama wenye beseni kubwa, wawili wawili wa siku ya soko, nusu ya kazi yake. Alikitazama kikienda. "Papa Valère, ona miguu yangu. Iko wapi?"

Valère aliitazama.

"Chini," akasema.

Jumatatu asubuhi Syntiche alifika kwenye kituo cha motari akiwa na pikipiki ambayo haikuwa na maua, haikuwa na jina la mtoto, na kiti chake kilikuwa chembamba kama kilivyotoka kiwandani. Hawakumpa hata nafasi ya kuizima.

"Mama Polepole! Pikipiki yako imechuchumaa!"

"Inatafuta choo!"

"Jamani, mwacheni, ni kiti cha jikoni, anakwenda kusonga ugali!"

Kiongozi wao, Adalbert, alicheka pamoja nao hadi machozi, kisha akampa gileti namba kumi na saba na kumfungia mwenyewe vifungo ubavuni. "Umerudi," akasema. "Ingawa umerudi umekaa chini."

Abiria wake wa kwanza alikuwa anamngoja tangu jua kuchomoza. Alikuwa Mama Célestine, na fungu lake la mboga, dogo kuliko la zamani, amelikumbatia kifuani.

"Nilisema sitapanda tena," mzee akasema. "Basi nikasema, labda na huyu."

Wakaondoka. Syntiche alihisi kila springi ikipumua chini yao, laini, fupi. Walipofika mteremko wa soko, mahali palepale, hakukuwa na lori. Njia ilikuwa tupu mpaka kwenye maji ya ziwa. Lakini mikono yake ilifunga breki yenyewe. Pikipiki ikapunguza, ikasimama, ikainama kidogo kulia, kama ile siku.

Akashusha mguu wa chuma. Ukagusa. Akashusha wa pili. Ukagusa.

Alibaki hivyo, injini ikinguruma, akiwa amekanyaga udongo ule kwa nyayo mbili, akiutazama kana kwamba mtu ameuleta sasa hivi.

"Kuna nini, mwanangu?" Mama Célestine akauliza nyuma yake, amemshika kiuno. "Mbona tumesimama?"

"Mama," Syntiche akasema. "Kumbe udongo ulikuwa karibu hivi."

Mzee akachungulia chini pembeni ya bega lake, akaviona viatu viwili vya vumbi, hakuona kitu kingine. Akangoja. Nyuma yao motari wakaanza kupiga honi.