Mvule Niliouchanja Ngezi

Leo nina nyumba ya mawe na duka, na mikarafuu yangu nimeinunua kwa jasho langu. Sikurithi hata mnazi mmoja. Chuoni nilifika juzuu ya tatu tu, nikatoka kwenda kuchuma karafuu za watu. Nayasema haya ili ajulikane anayesimulia, kwamba si mtu wa kushindwa ovyo. Lakini msitu wa Ngezi ulinishinda.

Nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mitumbwi pale Chokocho, na nusu ya watu wa Kisiwa Panza wakivulia vyombo vyake. Nilimsumbua miezi anipe kazi.

Siku moja akanambia, "Mjomba, kwanza nione kama una jicho la mti. Nenda Ngezi peke yako, unitafutie mvule wa kutoa mtumbwi. Ukiupata utie chanjo, urudi tuufuate. Usipoupata, kachume karafuu zako."

"Miye nitakuletea miwili," nikamjibu.

"Mmoja wanitosha, bwana mkubwa."

Chanjo ni alama tu: unakata gome mara mbili kwa panga, usawa wa kifua, na apitaye anajua mti ule una mwenyewe.

Nilitembea siku mbili kwenda kaskazini, gunia mgongoni, ndani yake muhogo mkavu, sufuria na blanketi, na kibuyu cha maji kiunoni. Sikuwahi kulala mahali pasipo mtu. Nilipoingia msituni nikajiona mjanja kuliko wote: kila baada ya hatua chache nikachanja mti, ili nirudi kwa njia ile ile. Panga langu lilikuwa kali na mkono ulikuwa na nguvu. Nilichanja bila huruma.

Siku ya pili humo msituni nikauona. Mvule umenyooka, haukutoa tawi mpaka juu kabisa. Nikaugonga kwa ubapa wa panga, ukaitika kwa sauti nzito, mzima hasa. Nikautia chanjo mbili, nikageuka kurudi.

Kila mti nilioutazama ulikuwa na chanjo. Nyingine zangu, nyingine za wachongaji wa huko, za zamani na za juzi, na zote sawasawa. Nilifuata hizi zikanipeleka kwenye tope, nikafuata zile zikanirudisha kwenye mti walikoning'inia popo, ambao nilishaupita mara mbili. Maji yakaisha. Nikaita, nikaita tena, sauti ikakauka. Nikakaa juu ya gunia langu nikalia, mtu mzima mimi, kwa sababu mikono hii niliyoitegemea haikuwa na la kufanya.

Nikakumbuka kusikia kwamba aliyepotea huadhini. Nikasimama nikaadhini, machozi yananitoka.

"Adhuhuri ishapita, hii adhana ya nini?" sauti ya mwanamke ikatoka vichakani, karibu sana.

Walikuwa wanawake watatu wanakata ukindu wa mikeka. Njia ya kutokea ilikuwa nyuma yao, mwendo wa kutema mate. Mkubwa wao akanipa maji, akalitazama panga langu.

"Ndo weye ulochanja miti yote hii? Mume wangu jana karudi auliza ni nani huyo kajitwalia Ngezi nzima!"

Wakacheka mpaka wakaweka mizigo chini. Nikanywa, nikashika njia.

Nilirudi Chokocho nikamwambia mjomba nimeupata, na kweli nilikuwa nimeupata. Mengine sikumwambia. Akachukua shoka, tukavuka kisiwa chote kwa miguu, yeye na umri ule.

"Haya, uko wapi?"

Tulizunguka kutwa. Mivule yote niliyoiona ilikuwa na chanjo mbili, usawa wa kifua changu. Nilikuwa nikiugusa huu, nikiuacha, nikienda kwenye mwingine. Mjomba alikuwa akinifuata tu, anakohoa. Jua lilipoanza kuinama haya zikanizidi, nikaweka mkono kwenye mti mmoja nikasema, "Huu."

Akaligeuza shoka, akagonga kwa kisogo chake. Ukalia kama mtungi mtupu. Akagonga tena upande wa pili, akatega sikio.

"Mjomba," akasema taratibu, "wataka nikuchongee ngoma?"

Akatia shoka begani, akaondoka. Nikamfuata nyuma, kwa kuwa njia aliijua yeye.