Tiketi ya Kuuona Mzimu wa Tutu

Jamani, mimi nimewahi kukata tiketi kwenda kuona mzimu wa bibi yangu, huku bibi mwenyewe nimemshika mkono, mzima, anamung'unya plamu kavu za chumvi.

Msicheke. Sikilizeni kwanza.

Bibi, sisi tunamwita Tutu Haunani, aliishi Mtaa wa Maunakea, Chinatown ya Honolulu, tangu mama yangu hajazaliwa. Chini alitunga na kuuza lei, yale mashada ya maua ya shingoni. Ghorofani alilala. Kiti chake kilikaa dirishani, na hakuna aliyepita mtaani asisemwe.

Halafu mtaa ukaanza kupendeza. Na mtaa ukipendeza, wenyeji wajiandae kufungasha.

Duka la tambi likawa baa. Kwa kinyozi pakawa ukumbi wa kuuza picha za kuchora. Mwenye nyumba wetu, Derek Leong, aliyerithi jengo kwa baba yake, naye akataka ghorofa ya Tutu aifanye baa ya mvinyo.

Tutu hakwenda kwa wakili. Alikwenda jikoni kuchukua chumvi.

Kwetu, fundi hata awe jeuri vipi, akikuta chumvi na majani ya ti, kinga yetu ya mizimu, vimetandazwa kizingitini, anaweka nyundo chini na kuuliza kuna nini.

"Kuna mama anatembea humu," Tutu akawanong'oneza mafundi walioletwa na Derek. "Mimi kanizoea. Nyie sijui."

"Aunty, unatutania."

"Haya, ingieni. Wake zenu watakuja kwangu kuchukua maua ya msiba."

Walishuka ngazi mbio, mmoja akaacha kofia. Derek akaleta wengine, nao wakatimka. Akaleta mchungaji wa kubariki majengo. Tutu akamshukuru vizuri, kisha akamwambia, "Ila ulipokuwa unaomba, yule mama kacheka."

Tulicheka mpaka machozi. Kumbe tulikuwa tunamtafutia Derek biashara.

Siku moja akaja peke yake, anatabasamu. "Tutu, hebu nisimulie huyo mama. Anavaa nini? Anakaa wapi?"

Bibi yangu akanogewa. Gauni la maua, akasema. Anakaa kwenye kiti kile pale dirishani, anatunga lei.

Hazikupita siku nyingi, tukaambiwa tuhame. Baa Derek hakuitaka tena. Alitaka mzimu, awauzie watalii tiketi.

Sasa Tutu analala sebuleni kwetu Waipahu, nyuma ya pazia. Dirisha hana. Juzi akaniambia, "Kawena, nipeleke nikaone."

Tukakata tiketi, tukapanda ngazi zetu wenyewe, nyuma ya watalii.

Juu, kwenye kiti chake, wameketisha sanamu la mwanamke. Limevishwa gauni kama la Tutu, na lei ya plastiki shingoni. Ya plastiki, kwenye nyumba ile!

"Huyu ndiye mama wa maua," akasema Makoa, mtembezaji wao. "Alikataa kuhama. Akafia hapa hapa kitini."

Tutu akainua mkono. "Mwanangu, sijafa. Nilifukuzwa."

Watalii wakageuka kumtazama.

Kisha wakapiga makofi. Mmoja akaomba picha naye, akamsifu kwamba anaigiza vizuri sana.

Tutu akalivua sanamu ile lei ya plastiki, akavua lei yake ya yasmini aliyoitunga asubuhi, akalivisha. Magoti yakamuuma, akashika mkono wa kiti ajiegemeze.

"Samahani Tutu," Makoa akasema kwa heshima zote, "kiti hakiguswi."

Nilitaka kupindua kila kitu mle ndani. Tutu akanivuta.

"Acha, mjukuu wangu," akaniambia kwenye ngazi. "Angalau mmoja wetu kabaki nyumbani."

Nikamshika mkono, tukashuka hadi kituo cha basi.

Wakubwa walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi naongeza langu: ukitaka kumtisha tajiri, hakikisha kwanza kitisho chako hakiuziki.