Pimwa Kabla Hujalaumu Tumbo la Mwanamke

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka hata nikitaka kuisahau, siku niliyomwaibisha babu yako mbele ya mgeni, na sijutii.

Umelala hapa kando yangu ninapoandika. Kila mara naacha kalamu niangalie kama unapumua. Ulikuja mapema, mwembamba kama mguu wa kuku. Daktari anasema sasa uko sawa, lakini moyo wangu bado haujamsikia.

Nilikuwa nimeolewa hapa Sosiot na mimba haishiki. Tukaenda kliniki, wakachukua mayai yangu, wakayakutanisha na mbegu za baba yako kwa maabara, wakanirudishia tumboni. Ikashika, ikatoka. Tukarudia. Ikatoka tena. Nyumbani wakaanza kunong'ona eti nilitoa mimba nikiwa shule, ndiyo maana tumbo limeoza. Babu yako akasema wazi kwamba baba yako atafutiwe mwanamke mwingine, kuna mmoja mzuri kule Sigor.

Basi siku hiyo akaja mtu wa kupandikiza ng'ombe mbegu. Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyepandikizwa mara mbili na bado anarudi joto, mimba haishiki. Naleta chai zizini, nasikia mzee anafoka: "Wewe, hiyo mbegu yako iko sawa kweli? Ama uliibeba vibaya ikaharibika? Leo badilisha dume!" Ng'ombe mwenyewe hakutukanwa hata kidogo.

Mwanangu, niliweka birika chini. "Baba," nikamwambia, "ng'ombe akikataa unauliza mbegu. Mimi nikikataa unauliza Sigor?"

Yule mtu alicheka mpaka chai ikampalia. "Mzee, huyu mama atanipokonya kazi!"

Baba yako, aliyekuwa ameshika kamba ya ng'ombe, akaja juu: "Mimi nilipimwa! Zangu ni nyingi na zinakimbia!"

"Zinakimbia zikibeba nini?" nikamuuliza.

Maana daktari wa kliniki alikuwa amemweleza. Ndani ya kila mbegu kuna maagizo ya kumjenga mtoto, ile DNA tuliyosoma shule, na yanaweza kukatikakatika hata kama mbegu inaogelea vizuri. Mimba inaanza, halafu inasimama. Alimwomba apimwe hayo ya ndani, aache sigara, tena atoke kwa boila, lile tanuri la mvuke la kiwanda cha majani chai, anakochomeka kila zamu, maana moshi na joto huziharibu. Akakataa. Eti hicho ni kipimo cha kumaliza wanaume. Nikayamwaga yote hapo, mbele ya baba yake.

Nikajua leo nafukuzwa. Mzee akamgeukia mwanawe: "Dume haliulizwi mbio. Linaulizwa ndama. Nenda upimwe."

Akaenda. Mbegu zilikuwa zimeharibika vibaya ndani. Akaomba ahamishiwe upande wa kupakia chai, akaacha sigara, akawa mkali kama nyuki, anatafuna miwa kutwa. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hivyo tukangoja kabla ya kujaribu tena. Ndipo ukaja wewe.

Nilimuuliza daktari kama ulizaliwa mapema kwa sababu ya mbegu za baba yako. Akasema hawezi kuapa. Sababu ni nyingi, na wataalamu bado wanachunguza madhara hayo yanamfuata mtoto mpaka wapi. Sasa mtu atulie vipi na jibu kama hilo? Baba yako pia hatulii. Namkuta amekuinamia. Nampenda, na bado nina hasira naye. Wawili walitoka kabla yako, na lawama nilibeba peke yangu.

Kwa hivyo sikiza. Ukioa na mtoto akachelewa, nendeni kliniki wawili, siku moja, mlango mmoja. Usitosheke kuambiwa mbegu ni nyingi. Ukiambiwa uache moshi, pombe au joto, acha mapema, usingoje mwanamke atoke damu ndipo uamini. Na ukipatikana na kasoro, sema, mara nyingi kuna la kufanya. Mficha uchi hazai.

Mungu akunenepeshe mpaka nichoke kukubeba. Akupe watoto ukiwataka. Na asipokupa, akupe kifua cha kusema "ni mimi," bila kumtafuta mwanamke wa kumtwika.