Wamama wa dispanseri na mutoto wa surua

Leo wamama wa dispanseri wamenichokesha.

Mimi ni infirmier, muuguzi, hapa Bukavu, napokea wagonjwa. Asubuhi maman mumoja wa Kavumu alifika na mutoto mwenye surua. Nikamwambia, "Maman, ikala inje kwa barza, asiambukize wengine."

Akalia. Alizani ninamufukuza.

Nikaomba dokta, Mubelgiji wetu, amufuate inje. Akatoka, akamuangalia.

Wamama wa ndani, wenye walikuwa kwa foleni, wakaona ule maman amepita mbele yao kwa dokta. Wote wakabeba watoto, wakaenda kuikala karibu naye.

"Papa infirmier, na wangu iko na surua," mumoja akaniambia.

Wake alikuja na kidonda cha muguu tu. Kwa sasa, sijui tena.

Nyinyi mungewaambia nini?