Sweta Langu la Sufu Ndani ya Maabara

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoingia maabara ya Ulaya na sweta jipya la sufu. Mimi ndiye wa kwanza hapa Likunja kurudi na diploma ya maabara, nyumba yangu ya matofali unaiona, na umenisikia nikisema hakuna aliyenishika mkono. Leo nasema kweli. Alinishika Alberto wa Ruponda, mtoto wa Wamakua waliotoka Msumbiji, niliyesoma naye Nachingwea. Alitangulia kule Ulaya kama muosha vyombo vya maabara, akaniombea kazi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulitafuta kujua vijibomba vinavyoshikilia seli, kama fito zinavyoshikilia ukuta wa udongo, vimeundwa kwa protini zipi. Tulivichuja kutoka kwenye ubongo wa ng'ombe kwa wiki nyingi, kisha sampuli ikaingia kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa vipande vya protini na kuvitambua. Mashine ile haichagui. Unywele ukidondoka, nao unasomwa.

"Bwana Diploma, funga koti," Alberto aliniambia. "Sweta lako linapukutika kama kuku mwenye ugonjwa wa kideri."

"Kaoshe chupa zako," nikamjibu.

Koti la maabara nikaliacha wazi. Nani angeliona sweta?

Majibu yalipotoka, katikati ya protini za ng'ombe kulikuwa na za sufu ya kondoo. Niliyasoma mimi wa kwanza, sweta nikalifungia kabatini. Msimamizi wetu, mama mmoja mkali, alituita akauliza nani kachafua sampuli. Nilisimama karibu na Alberto kiasi cha kusikia pumzi zake. Nikatazama sakafu. Yule mama akaamua kwamba muosha vyombo alifuta chupa kwa kitambaa cha sufu, na mkataba wa Alberto ukaishia hapo.

Mimi nilibaki miaka mingine, nikapandishwa cheo. Niliporudi nilimkuta Alberto kwao Ruponda akipalilia ufuta. Nikamweleza yote. Akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari.

"Nilijua, Saidi. Nyuzi za sweta niliziokota mwenyewe pale mezani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilimwomba radhi, akanipa, tena akanikaribisha chakula. Lakini maabara hakurudi tena, na aliipenda kuliko mimi.

Mwanangu, ukikosea sema palepale, mbele ya wale watakaoumia ukinyamaza. Mimi niliogopa aibu ya dakika tano, mwenzangu akapoteza kazi. Na aliyekufungulia mlango usimfiche jina unapojisifu; nimelificha la Alberto miaka mingi, na kila nilipojisifu moyo ulinisuta. Mungu akupe mikono safi, mwanangu, na ulimi usiochelewa kama wangu.