Nimeitwa shule kwa sababu mtoto ameuliza swali

Jamani, leo nimeacha nguo kwa beseni nikakimbia shule, mtoto mdogo mgongoni. Nilijua binti yangu Njeri amepigana.

Kumbe ameuliza swali!

Jana mwalimu aliwafundisha kwamba kila kitu kina urefu, upana na kimo. Njeri akauliza, "Kwa nini ni tatu tu? Kwa nini si mbili, au nne?" Aliuliza mpaka akatolewa nje.

"Mama Njeri, huyu anasumbua darasa," mwalimu akaniambia. "Haya, wewe unajua jibu?"

Sijui. Mimi shule niliachia darasa la saba. Nilikasirika hadi machozi yakanilenga.

Njeri akaninong'oneza, "Mama, sitauliza tena."

Hapo ndipo nimeumia.

Na mtoto mdogo naye akaanza kuteleza mgongoni. Nikaikaza leso upya, mkono ukasimama kwenye fundo.

"Mwalimu," nikasema, "fundo haliwezi kufungika bila upande mmoja kupita juu ya mwingine. Dunia ingekuwa bapa kama hiyo karatasi yako, huyu ningembeba na nini?"

Njeri akacheka. "Na zikiwa nne, mama?"

Mwalimu akaangalia dari, kisha akasema, "Hiyo hata mimi sijui."

Sasa si angesema hivyo tangu jana!

Wenye mmesoma huku Kayole, kwa nini si nne? Andikeni hapo chini. Njeri ameketi hapa na kalamu, na nguo zangu bado ziko kwa beseni.